Misaada kutoka nje kwa watu wanyonge: mafundisho ya Kanisa na yaliyotokea Songea

Maposeni ni kata ya Wilaya ya Songea, mkoani Ruvuma, jirani na Peramiho. Wakazi wake wengi ni wakulima. Kwa mgeni apitaye njia ni mahali padogo, lakini katika eneo hili, tangu Wabenediktini walipoanzisha misioni ya Peramiho mwaka 1898, msaada kutoka ng'ambo umepita ukiwa na karibu kila sura yake: dawa na vitabu, mashine za kusaga, mafundi na walimu, barabara ya lami, nguzo za umeme, ruzuku ya kaya maskini. Si rahisi kumpata mtu mzima wa eneo hili ambaye hajawahi kuguswa na mojawapo ya hizo.

Kwa muda mrefu tuliweza kuzungumzia jambo hili kwa utulivu, kana kwamba ni mada ya semina. Tangu Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha kwa ghafula misaada yake ya nje, mada imepata sura za watu: mgonjwa anayemeza vidonge kila siku ya maisha yake, bibi anayelea wajukuu waliofiwa na wazazi, kijana mwenye ulemavu aliyekuwa akilipiwa ada. Katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo swali linaulizwa waziwazi: wafadhili wakiondoka, nani atabaki na hawa? Makala hii inakusudia kuwapa waamini, makatekista na viongozi wa Halmashauri Walei maelezo ya msingi: misaada hiyo ni nini, iliingiaje kwetu, Kanisa linafundisha nini juu yake, na parokia inapaswa kuipokea namna gani.

Tunaposema "msaada"

Neno hili moja hubeba mambo yasiyofanana. Kuna fedha zinazotoka serikali moja kwenda serikali nyingine, au kupitia mashirika ya kimataifa. Kuna fedha za mashirika ya hisani, ya kidini na yasiyo ya kidini, ambayo nayo mara nyingi hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutoka serikali zao. Kuna msaada wa Kanisa kwa Kanisa: parokia ya Ujerumani au Uswisi na parokia ya Songea, abasia na abasia, jimbo na jimbo. Na kuna mtu mmoja huko ng'ambo anayemlipia ada mtoto mmoja wa huku, wakiandikiana barua mara mbili kwa mwaka.

Yafaa pia kukumbuka kwamba baadhi ya tunayoyaita misaada ni mikopo. Fedha nyingi za Benki ya Dunia kwa nchi kama yetu ni mikopo ya riba nafuu na ya muda mrefu. Watakaoilipa ni watoto wanaobatizwa leo. Ndiyo maana Kanisa lilishiriki kampeni ya kufuta madeni ya nchi maskini kuelekea Jubilei Kuu ya mwaka 2000. Tanzania ilipata msamaha wa sehemu ya madeni yake mwaka 2001, na mwaka huohuo ada ya shule za msingi iliondolewa. Baba Mtakatifu Fransisko alilirudia ombi hilo katika Hati ya kutangaza Jubilei ya mwaka 2025.

Kwa "watu wanyonge" tunamaanisha wale ambao, mahindi yakikauka au mlezi wa nyumba akiugua, hawana pa kuegemea: wajane, yatima, wazee wasio na watoto, wenye ulemavu, wenye ukoma na waliopona lakini wakabaki na makovu yake, wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wakimbizi. Maandiko Matakatifu yanawataja karibu kwa orodha hiyohiyo. Sheria ya Musa ilimkataza mkulima kuvuna shamba lake hadi pembeni kabisa, ili maskini na mgeni wapate cha kuokota (rej. Law 19:9-10). Yapasa kutambua kwamba sheria hiyo haikumfanya maskini kuwa ombaomba. Ilimpa haki ya kuingia shambani na kufanya kazi kwa mikono yake mwenyewe.

Misioni na kivuli chake

Msaada wa kwanza kutoka Ulaya ulitufikia ukiwa umechanganyika na utawala wa kikoloni, na hatuoni faida ya kulificha jambo hilo. Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walikuja wakati Wajerumani wakiitawala nchi. Walifundisha kusoma, walitibu vidonda, walilima. Lakini mbele ya Wangoni wengi, mkono uliotoa dawa ulitoka katika taifa lilelile lililotoza kodi na kubeba bunduki. Vita ya Maji Maji ilipolipuka mwaka 1905, Askofu Cassian Spiss, aliyekuwa mwanzilishi wa Peramiho, aliuawa mwezi Agosti mwaka huo pamoja na mabruda wawili na masista wawili wakiwa safarini kusini. Na baadaye misioni ya Peramiho yenyewe ikateketezwa. Mwaka uliofuata, Februari 1906, wazee na mashujaa wa Kingoni walinyongwa pale Songea, nasi tunawakumbuka hadi leo mahali ilipo Makumbusho ya Maji Maji. Baada ya vita ikaja njaa. Misioni ilijengwa upya juu ya majivu hayo, katikati ya watu waliokuwa na majeraha na maswali.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliwaondoa wamisionari Wajerumani nchini. Kwa lugha ya siku hizi tungesema ufadhili ulikatwa. Watu, vifaa na fedha kutoka Ujerumani vilikoma kwa mara moja, na ilichukua muda hadi Wabenediktini kutoka Uswisi walipokuja kuziba pengo. Imani haikufa katika kipindi hicho, na sehemu kubwa ya sifa wanastahili makatekista wenyeji, watu waliokuwa na jembe mkono mmoja na katekisimu mkono mwingine, waliokusanya watoto chini ya miti wakafundisha sala. Vitabu vyetu vya historia huwataja mapadre na maabate kwa majina, na makatekista hao kwa idadi. Tungependa siku moja kuona parokia zetu zikiandika majina yao.

Chini ya Abate Gallus Steiger, Mswisi, Peramiho ilikua ikawa abasia yenye eneo lake la kichungaji tangu mwaka 1931. Karakana, shule ya ufundi, hospitali, kiwanda cha kuchapa vitabu, bustani na mifugo vilifuata fikra ya Mtakatifu Benedikto, ambaye katika Kanuni yake alitaka monasteri iwe na maji, kinu, bustani na ufundi mbalimbali ndani ya mipaka yake. Hapa pana jambo ambalo wafadhili wa baadaye hawakulielewa daima. Fedha za Ulaya zilizoingia Peramiho hazikuishia katika kugawa vitu; zilinunua msumeno na cherehani, na kijana aliyefundishwa useremala aliondoka na kazi mikononi. Nyumba nyingi za kusini mwa nchi zina milango na vitanda vilivyotengenezwa na mafundi waliopitia huko, au na wanafunzi wa wanafunzi wao.

Hospitali ya Mtakatifu Yosefu ya Peramiho nayo iliwapokea watu wa kila dini. Kwa wagonjwa wa ukoma na kifua kikuu, historia ya nchi yetu ina sura ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1977 Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti magonjwa hayo mawili kwa pamoja, ukisaidiwa na Muungano wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu na fedha za nchi za Ulaya. Daktari Karel Styblo, akifanya kazi na wauguzi wa Kitanzania katika vituo vya kawaida vya afya, alionyesha kwamba mgonjwa maskini wa kijijini anaweza kupona akisimamiwa vizuri anapomeza dawa. Utaratibu huo, katika miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani liliufanya mkakati wa ulimwengu mzima. Fedha zilitoka nje. Njia ilipatikana huku, nayo ikarudi kuwasaidia wengine.

Litowa: msaada uliofuata mpango wa wanakijiji

Mfano wenye mafunzo mengi kuliko yote katika wilaya yetu haukuanzishwa na Kanisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walianza kuishi na kulima pamoja pale Litowa. Kutoka hapo kikazaliwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichounganisha vijiji kadhaa vilivyojiunga kwa hiari. Mwingereza mmoja, Ralph Ibbott, aliishi nao Litowa na familia yake kama mshauri kwa miaka ya 1963 hadi 1969.

Wanakijiji walilima kwanza, wakagawana mavuno kwa kazi aliyofanya kila mmoja, wakaendesha shule yao, na walipofikia mahali ambapo nguvu zao hazikutosha, ndipo walipotafuta marafiki wa nje. Chama kilipata kinu cha nafaka mjini Songea na mashine ya kupasua mbao. Msaada ulikuja baada ya mpango, na mpango ulikuwa wa wanakijiji. Mwalimu Nyerere aliwapenda, na fikra zake juu ya vijiji vya ujamaa zilipata nguvu kwa kuona jambo hilo likiwezekana.

Mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Mali yake ilichukuliwa na wageni wakaondoka. Sababu zilizotajwa na zilizonong'onwa ni nyingi, nasi hatutazipima hapa. Tunachokitaja ni kwamba huu ulikuwa mradi uliosaidiwa kutoka nje ambao wafadhili wake hawakuuchoka wala watu wake hawakuuzembea. Uliangushwa kutoka juu, ndani ya nchi yetu wenyewe. Anayesema kwamba hatari zote za misaada zinatoka Ulaya na Marekani amesoma nusu ya historia.

Wakimbizi, barabara, umeme na kaya maskini

Vita ya ukombozi wa Msumbiji ilipoanza mwaka 1964, maelfu walivuka Mto Ruvuma. Walipokelewa kwanza na wanavijiji wa mpakani, watu waliogawana nao mihogo kabla gari lolote la msaada halijafika. Makazi yalianzishwa Muhukuru kwa upande wa Songea na Lundo kando ya Ziwa Nyasa. Kazi hiyo ilifanywa kwa pamoja na Serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, na shirika la TCRS lililoundwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Kilutheri Duniani. Tunawataja ndugu zetu Walutheri kwa shukrani, kwa kuwa mkimbizi hakuulizwa kanisa lake.

Katika miaka ya karibuni misaada mikubwa imekuja kwa njia ya miundombinu. Mwaka 2008 Marekani na Tanzania zilitia sahihi mkataba wa dola milioni 698 kupitia Shirika la Changamoto za Milenia. Kutokana nao zilijengwa, miongoni mwa nyingine, barabara ya Namtumbo hadi Songea na ile ya Peramiho hadi Mbinga, kilomita 78. Aliyewahi kumbeba mama mjamzito kutoka Umatengo kwenda hospitali ya Peramiho wakati wa masika, kabla ya lami, hahitaji kuelezwa thamani ya barabara hiyo. Hata hivyo, mwaka 2016 mkataba wa pili uliokuwa ukiandaliwa ulisimamishwa na Marekani, kwa sababu ya uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mtu anaweza kukubaliana na hoja hizo au kuzikataa. Ila mwanamke wa kijijini aliyekuwa akisubiri umeme au maji hakuwa na kauli katika lolote kati ya hayo.

Umeme wenyewe una hadithi mbili. Kwa miaka mingi mji wa Songea uliwashiwa taa na mitambo ya mafuta ya dizeli. Mwaka 2018 uliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako, mradi uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na Sweden pamoja na Serikali yetu. Lakini miaka mitatu kabla ya hapo, mwaka 2015, Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole walikuwa wamekwisha kuanza kuzalisha megawati 5 katika maporomoko ya Tulila, Mto Ruvuma, na kuuza umeme huo kwa TANESCO. Mitambo na utaalamu vilitoka Ulaya kwa sehemu kubwa, na mwenye mradi ni shirika la masista wa Kitanzania. Masista hao hulea yatima. Nyumba ya watoto yenye bomba la umeme nyuma yake haimsubiri postamasta kwa wasiwasi uleule wa nyumba inayoishi kwa barua za wafadhili peke yake.

Sura inayowagusa moja kwa moja maskini wa Maposeni na vijiji jirani ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF. Fedha zake zimetoka Serikalini, katika mikopo ya Benki ya Dunia na kwa nchi wahisani. Walengwa hutambuliwa katika mkutano wa kijiji, mbele ya watu wanaowajua. Utaratibu huo una hekima yake, na una majaribu yake: jirani hujua nani kweli analala njaa, na jirani huyohuyo aweza kumsahau mzee anayesemwa vibaya au mama aliyekosana na mjumbe. Mkristo anayeshiriki mkutano wa namna hiyo yuko katika kazi ya haki. Kumkatisha jina mwenye kustahili kwa chuki ni dhambi inayopasa kuungamwa, hata kama hakuna shilingi iliyoingia mfukoni mwa aliyefanya hivyo.

Mwaka 2025

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Siku chache baadaye miradi iliamriwa kuacha kazi. Kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo, shirika la USAID lilikuwa limekoma, na shughuli zilizobaki zikahamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Caritas Internationalis ilikemea namna jambo hilo lilivyofanyika. Shirika la maaskofu wa Marekani la kutoa misaada, CRS, ambalo karibu nusu ya bajeti yake ilitoka serikalini mwao, lilitikiswa vikali.

Kwa nchi yetu pigo lilielekea hasa upande wa afya. Mpango wa PEPFAR, uliotangazwa mwaka 2003, uliifanya Tanzania kuwa miongoni mwa nchi zake 15 za kwanza. Waliozika wazazi na kaka zao katika miaka ya 1990 wanajua dawa hizo zilileta nini: watu waliokuwa wakisubiri kufa walirudi shambani. Haki inadai tuseme wazi kwamba walipakodi wa Marekani waliokoa maisha ya Watanzania wengi mno. Haki inadai pia tuseme kwamba uhai wa mtu haukupaswa kuning'inizwa kwenye uzi ambao mtu mmoja ng'ambo angeweza kuukata kwa siku moja.

Na hapo swali linaturudia. Miaka zaidi ya ishirini ilikuwa nafasi ya kujiandaa. Bunge letu liliunda Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI mwaka 2015, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ikapitishwa mwaka 2023. Hayo ni mambo mema, yaliyokuja kwa kuchelewa. Katika ngazi ya kaya, mchango wa CHF iliyoboreshwa, shilingi 30,000 kwa watu hadi sita kwa mwaka, ulikuwa njia mojawapo ya kujitegemea kwa afya. Wengi wetu tuliweza kuchangia harusi moja kwa kiasi hicho na zaidi, tukaona bima haina haraka.

Wagonjwa wasikie neno moja kutoka kwetu: asiache mtu dawa kwa uvumi. Aende kituoni kwake aulize. Na anayehubiri kwamba kukatika kwa misaada ni ishara ya kuacha vidonge na kutegemea maombi peke yake anawaua watu kwa jina la Mungu.

Kanisa linafundisha nini

Mwaka 1967 sauti mbili zilisikika ndani ya majuma machache. Tarehe 5 Februari lilitangazwa Azimio la Arusha, lililoonya kwamba fedha si msingi wa maendeleo, na kwamba taifa linalotegemea zawadi na mikopo hujiweka chini ya mwenye kutoa. Tarehe 26 Machi, Mtakatifu Paulo VI alitoa Waraka wa Kitume wa Populorum Progressio, akiyataka mataifa tajiri yatoe, na yatoe kwa ukarimu. Wako wanaoziona sauti hizo kama zinapingana. Sisi tunaona zinakamilishana. Paulo VI hakusema maskini angoje. Alifundisha kwamba kila mtu na kila taifa ni mhusika mkuu wa maendeleo yake, na kwamba anayepokea ana haki ya kudai asiingiliwe katika siasa zake wala kuvurugwa maisha ya jamii yake. Kwa upande wake mwenye kutoa ana haki ya kuhakikishiwa kwamba fedha zake hazitafujwa. Ni mazungumzo ya watu wazima wawili.

Baba Mtakatifu Benedikto XVI aliliendeleza fundisho hilo katika Caritas in veritate mwaka 2009, akiweka pamoja kanuni ya auni na kanuni ya mshikamano. Auni maana yake ni kwamba ngazi ya juu humsaidia wa chini afanye lile analoweza, wala haimnyang'anyi. Auni bila mshikamano huzaa ubinafsi. Mshikamano bila auni huzaa msaada unaomdhalilisha mhitaji na kumfunga katika utegemezi. Papa huyo hakusita kuzitaja pande zote mbili za kosa: wanaotoa kwa faida yao, na wanaopokea wakazielekeza fedha kusikostahili.

Mwaka 2012 alitoa pia hati ya Intima Ecclesiae natura, inayohusu huduma ya upendo. Ni fupi, na inasomwa kidogo mno. Inamwagiza Askofu kuhakikisha kwamba taasisi za hisani za Kanisa hazipokei fedha kutoka kwa vyombo vyenye malengo yanayopingana na mafundisho ya Kanisa, wala kwa shughuli ambazo malengo au njia zake hazipatani nayo. Inataka pia mishahara ya watendaji wake iendane na kiasi kinachofaa, na hesabu zitolewe kila mwaka. Hivyo Kanisa lina uhuru wa kukataa. Msaada wenye sharti la kuvunja dhamiri haupokelewi hata kama ghala ni tupu, na kukataa huko kunapaswa kuelezwa kwa waamini kwa wazi ili wajue gharama yake na waibebe pamoja. Katika Wosia wa Kitume Dilexi te wa Oktoba 2025, Baba Mtakatifu Leo XIV amekumbusha kwamba upendo kwa maskini ni sehemu ya kiini cha imani, wala sadaka ya mtu binafsi haijapitwa na wakati.

Katika parokia

Mtume Paulo alichangisha fedha katika makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Alipozipeleka hakwenda peke yake, alifuatana na watu waliochaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kumlaumu juu ya fedha hizo (rej. 2Kor 8:19-21). Huo ndio ukaguzi wa hesabu wa zamani kuliko wote tunaoujua katika Kanisa. Sheria ya Kanuni inaufuata. Kila parokia inapaswa kuwa na kamati ya fedha (kan. 537). Sadaka iliyotolewa kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu (kan. 1267). Wasimamizi watoe hesabu kwa waamini juu ya mali waliyoitoa (kan. 1287). Fedha zilizoletwa kwa kisima haziezeki nyumba ya mapadre, hata kama paa linavuja na nia ni njema; lazima mtoaji aulizwe kwanza. Paroko mwenye barua za wafadhili katika kompyuta yake binafsi, ambazo hakuna mwingine azijuaye, ameuweka mradi wote rehani kwa afya yake na kwa uhamisho wake.

Tunasema haya tukijua tulikotoka. Mapadre wengi wa kizazi chetu tulisomeshwa seminarini kwa sehemu kutokana na Shirika la Kipapa la Mtakatifu Petro Mtume, lililoanzishwa mwaka 1889 nchini Ufaransa na Jeanne Bigard na mama yake, likikusanya senti za waamini wa kawaida. Nia za Misa kutoka Ulaya zimewatunza mapadre wengi wa misioni. Parokia hizo za Ulaya sasa zina wazee wachache katika viti vya mbele, na baadhi ya makanisa yao yanauzwa. Si adili kuendelea kuwaandikia kana kwamba ni matajiri wasio na mwisho.

Juu ya barua hizo kuna neno jingine. Picha ya mtoto aliyevalishwa nguo chakavu kwa makusudi, au ya mgonjwa kitandani ambaye hakuombwa ruhusa, huleta fedha haraka. Pia humwibia mtu yule kitu pekee ambacho umaskini ulikuwa haujamchukulia. Mtoto huyo atakua, ataikuta picha yake mtandaoni. Tunaomba parokia na mashirika ya kitawa yaandike habari za kweli, kwa ridhaa ya wahusika au walezi wao, na pale inapowezekana waliosaidiwa waandike wenyewe.

Kabla ya kuomba chochote nje, jumuiya ijiulize ina nini. Sadaka ya mavuno ya debe moja la mahindi kwa kila kaya, ikihifadhiwa vizuri, huwavusha wajane na wazee wa jumuiya katika miezi ya Januari na Februari, ghala zinapokuwa tupu na bei iko juu. WAWATA wanalijua hili kuliko Kamati nyingi za Mipango. Orodha ya wahitaji iandaliwe na jumuiya zenyewe na kupitiwa kila mwaka, ikiwajumuisha wasio Wakatoliki wanaoishi katika eneo hilo. Msaada wa nje ukija, ukute orodha hiyo ipo. Usije na yake. Na mkataba wowote wa mradi useme tangu mwanzo, kwa maandishi, mfadhili atatoka lini na nani atalipia vipuri, mshahara wa mlinzi na dawa za mwezi wa kwanza baada yake.

Dominika ya Kimisioni mwezi Oktoba, iliyowekwa na Papa Pius XI mwaka 1926, huadhimishwa katika parokia zetu kama ilivyo ulimwenguni kote. Sadaka yake haibaki hapa. Huingia katika mfuko wa pamoja na kugawiwa kwa Makanisa yenye uhitaji, na nyingine huishia kwa wakristo wa Asia na visiwa vya Pasifiki ambao hawajawahi kusikia jina la Songea. Makatekista walieleze hili kwa watoto wa Utoto Mtakatifu wakati wa kukusanya shilingi zao, kwa majina ya nchi na kwa ramani ukutani.